P Siyo Breki: Vuta Hendibreki Kabla Gari Halijamvunja Mtu Mguu

Najua wengi mmefungua hapa mkitegemea sehemu ya pili ya ukungu wa viazi. Itakuja. Leo naomba tugombane kidogo, hasa nyinyi mnaobeba kabichi, karoti na viazi mviringo kwa Noah, Probox na IST kwenye milima hii yetu ya Usambara.

Ugomvi wangu ni huu. Kila siku ya gulio napita pale magari yanapoegeshwa, na nikichungulia dirishani naona hendibreki imelala chini kama haipo. Gari liko mlimani, limejaa mzigo, watoto wanacheza nyuma yake, na kinachotegemewa ni herufi P peke yake. Nikimuuliza mwenye gari ananijibu, "Bwana shamba, hili ni otomatiki, halihitaji hendibreki." Nani alikwambia? Dalali aliyekuuzia gari. Naye nani alimwambia? Dalali mwenzake.

Gari la otomatiki linahitaji breki ya mkono sawasawa na gari la klachi. Kwa milima ya huku nasema linaihitaji zaidi, kwa sababu mwenye gari la klachi anajua kabisa kwamba asipoivuta gari litaondoka, lakini wewe wa otomatiki umepewa P ya kukulaza usingizi.

Siwasemi nyinyi tu. Msimu wa viazi uliopita nilikuwa kijiji kimoja kwenye shamba darasa. Tulipomaliza, mzee mmoja ninayemheshimu sana akanipa lifti kwenye Noah yake. Ilikuwa imeegeshwa ikitazama juu ya mlima, na nyuma ina magunia 7 ya viazi. Hendibreki haikuvutwa, kulikuwa na P tu. Mzee akawasha gari, akakanyaga breki, akavuta gia itoke P. Haikutoka. Akavuta kwa mikono miwili, bado. Nikashuka mimi, mtaalamu wenu, nikawaita vijana wa kupakia mizigo nikawaambia wasukume gari kwa nyuma kidogo lipande, gia ipate nafasi. Wakasukuma. Gia ikatoka kwa kishindo ikaruka mpaka R, mguu wa mzee ukateleza kwenye breki, na gari likarudi nyuma juu ya wale niliowaita. Wawili waliruka. Wa tatu, aliyekuwa upande wa kushoto ambako kuna ukingo, hakuwa na pa kurukia.

Alivunjika mguu chini ya goti. Alikuwa amekodi nusu ekari ya viazi, na wakati wa kupandishia udongo alikuwa kitandani. Nilienda kupandishia mimi na mdogo wake, jambo ambalo halikumrudishia mguu. Nami ndiye niliyesema "sukumeni". Kwa hiyo nikiongea kwa ukali leo, mnajua unakotoka.

Sasa tuone P ni kitu gani, maana ukishakijua hutakiamini tena peke yake. Ndani ya gia boksi kuna gurudumu la chuma lenye meno makubwa, lililounganishwa na mhimili unaopeleka nguvu kwenye matairi. Ukiweka P, kipande kimoja cha chuma, tuseme kama kidole, kinashuka na kuingia katikati ya meno mawili. Basi. Hakuna breki iliyobana na hakuna kitu kilichoshika tairi lenyewe. Ni kidole kimoja kimezuia jino moja. Ndiyo maana ukiachia breki ya mguu mlimani ukiwa kwenye P, gari husogea kidogo halafu linagota. Hapo lilikuwa linatafuta jino la kuegemea.

Tupige hesabu ya Noah ya yule mzee. Gari tupu ni kama kilo 1,500. Magunia 7 ya kilo 100 ni kilo 700, kama hayakuwa lumbesa, na wote tunajua yalikuwa lumbesa. Jumla kilo 2,200. Kwenye mlima ambao kila ukienda mita 10 unapanda mita 1, na huku mlima huo tunauita tambarare, gari linavutwa kurudi chini kwa nguvu sawa na mzigo wa kilo 220 unaoning'inia. Bila hendibreki nguvu hiyo yote inaishia kwenye kile kidole. Kinabanwa na jino kiasi kwamba hakitaki kutoka, na hicho ndicho kilichotupata sisi. Ukikilazimisha kila siku, kidole na jino vinalika. Siku moja lori linaligusa gari lako, au vijana wanarusha magunia na gari linatikisika, kidole kinachomoka au kinavunjika. Nyuma yake hakuna kitu kingine kilichobaki. Kukibadilisha ni kufungua gia boksi, na gharama ya kufungua gia boksi mnaijua kuliko mimi.

Hendibreki kazi yake ni nyingine kabisa. Ni waya unaokwenda kwenye matairi ya nyuma na kubana breki shuu kwenye dramu. Inashika matairi yenyewe, pande zote mbili, na imetengenezwa kwa kazi hiyo moja ya kulizuia gari lililosimama. Kwenye baadhi ya magari siyo ya mkono, ni pedali ndogo upande wa kushoto kabisa wa miguu. Nimekutana na mtu ana gari lake miaka miwili anadhani pedali ile ni ya kupumzishia mguu.

Na msidhani haya ni mambo ya vijijini tu. Marekani, kampuni ya Ford ililalamikiwa kwa miaka kwamba magari yake ya otomatiki yanatoka P yenyewe na kurudi nyuma injini ikiwa inaunguruma. Mwaka 1980 kampuni na serikali ya kule walimaliza shauri hilo kwa kuwatumia wenye magari stika ya kubandika ndani, magari kama milioni 23. Stika iliwakumbusha mambo matatu kabla ya kushuka: hakikisha gia imeingia P, vuta breki ya mkono mpaka mwisho, zima gari. Kwa maoni yangu stika ilikuwa adhabu ndogo mno kwa kampuni. Lakini angalieni maneno yake, hayakusema P inatosha. Sisi magari yetu yametoka Japani na vitabu vyake ni vya Kijapani, kwa hiyo tunasomewa na dalali.

Sasa nije kwenye sababu mnazonipa.

"Hendibreki inaganda." Inaganda kwa sababu hamuitumii. Waya usiovutwa mwaka mzima unaingia maji na kutu, siku ukiuvuta haurudi. Ukiuvuta kila siku unabaki laini. Hapa nawapa haki sehemu moja: kama umevuka mto au umeosha gari, na unaliacha siku nyingi bila kuliondoa, breki shuu zinaweza kunata kwenye dramu. Gari la namna hiyo liegeshe mahali pa tambarare kweli, weka P, kingia matairi, acha hendibreki chini. Hiyo ni gari la kulazwa wiki kadhaa. Wewe wa gulio unaondoka saa tisa haikuhusu.

"Nitasahau kuishusha." Kwenye dashibodi kuna taa nyekundu inayowaka ukiwa umeivuta. Kama taa hiyo haiwaki tena, au fundi aliichomoa kwa sababu ilikuwa inakusumbua, irudishe, maana kwenye magari mengi ndiyo hiyohiyo inayokwambia mafuta ya breki yamepungua.

"Naweka jiwe." Hili linanikera kuliko yote. Jiwe la kuokota barabarani ni la duara, gari likianza kusogea linaweza kulisukuma mbele yake au kulipanda. Halafu mwenye gari anaondoka, jiwe linabaki katikati ya njia. Saa mbili usiku bodaboda anashuka na abiria wawili, taa yake inaona hatua nne. Mmeshasikia vishindo hivyo na nyinyi. Unayeacha jiwe barabarani umehamisha hatari kutoka kwenye gari lako kwenda kwa mtoto wa jirani yako. Kama unataka kitu cha kukingia, chonga kabari mbili za mbao ngumu, zitoboe, zifunge kamba ndefu uzifunge kwenye gari. Ukisahau kuziondoa zitakukumbusha zenyewe.

Tufike kwenye namna ya kuegesha, na mpangilio wake ndiyo siri yenyewe, kwa sababu hata wanaovuta hendibreki wengi wanaivuta kwa kuchelewa. Wanaweka P, wanaachia mguu, gari linaegemea kidole, ndipo wanavuta hendibreki. Uzito umeshalala kwenye kidole, hendibreki hapo ni pambo.

Fanya hivi. Simamisha gari, mguu ubaki kwenye breki. Peleka gia N. Vuta hendibreki barabara. Sasa achia breki ya mguu taratibu, gari likae juu ya hendibreki. Kama linasogea, hendibreki yako ni mbovu na umejua leo badala ya kujua siku mbaya. Kama limetulia, kanyaga breki tena, weka P, zima. Ukiwa unatazama chini ya mlima, geuza matairi ya mbele yaelekee upande wa ukuta wa mlima, yasielekee korongoni.

Wakati wa kuondoka, kanyaga breki, washa, toa P weka D, na hendibreki iwe ya mwisho kushuka. Sikiliza gia inapotoka P. Ikitoka kimya, uliegesha vizuri. Ikitoka kwa "kong'!", uzito ulikuwa kwenye kidole. Na kama imegoma kabisa kama ile ya mzee, usiite watu wakae nyuma ya gari. Vuta hendibreki kwanza, kingia matairi, mguu ukandamize breki mpaka chini, mtu yeyote asisimame kwenye njia ya gari, kisha ujaribu. Ikigoma bado, gari jingine lilivute kwa kamba kutoka mbele, na hata hapo nyuma kuwe wazi.

Neno moja la jeki, maana pancha hazikwepeki huku. Probox na IST nyingi zinavutwa na matairi ya mbele, na P inazuia hayo ya mbele tu. Ukipiga jeki tairi moja la mbele likawa hewani, lile lililobaki chini linaweza kuzunguka, kwa sababu yameunganishwa na difu: moja likienda mbele jingine linarudi nyuma. Maana yake P hapo haijashika chochote, na wewe umeinama chini ya gari. Hendibreki ndiyo inayokulinda, pamoja na zile kabari kwenye matairi ya nyuma. Fanya vyote kabla ya kugusa jeki, tena tafuta tambarare hata kama ni kutembea na pancha mita 50.

Kwa walioniambia hendibreki zao "zinakwenda juu bila kushika": ukihesabu vile vilio vya tik tik vikafika 10 na gari bado linasogea, waya umelegea au breki shuu zimeisha. Kukaza waya ni kazi ndogo kwa fundi yeyote. Mwambie afungue dramu uone mwenyewe breki shuu, usikubali akukazie waya juu ya shuu zilizokwisha.

Jumamosi ni gulio. Nitakuwa pale juu kwenye maegesho kuanzia saa moja asubuhi na kabari mbili za mfano, na yeyote anayetaka tujaribu hendibreki yake aje gari likiwa tupu, kabla ya kupakia. Yule kijana naye atakuwepo, ameanza kutembea bila gongo na anauza vitunguu mlangoni. Wiki ijayo tunarudi kwenye ukungu wa viazi. Mliotuma picha za majani nimeziona, ila mbili zimepigwa usiku, tafadhali pigeni upya mchana.