Injini ndogo ya petroli iliyowanusuru wenye familia kubwa London

Ukizungumza magari na jamaa zetu walioko London siku hizi, swali la kwanza si tena gari ni la mwaka gani wala limetembea maili ngapi. Wanauliza: ni petroli au dizeli? Jibu lake ndilo linaloamua kama baba wa watoto watano atawapeleka watoto chuoni Jumamosi bila gharama, au atalipa pauni 12.50, zaidi ya shilingi elfu mbili za kwetu, kwa kuwasha gari tu na kutoka mlangoni.

Ada hiyo ni ya ULEZ, mpango wa jiji wa kupunguza moshi wa magari. Ilianza katikati ya mji Aprili 2019, ikapanuliwa Oktoba 2021 hadi kwenye barabara za mzunguko za kaskazini na kusini, kisha tarehe 29 Agosti 2023 Meya Sadiq Khan akaitandaza mitaa yote ya London. Inadaiwa usiku na mchana, kila siku isipokuwa Krismasi. Asiyelipa hupigwa faini ya pauni 180, na hupunguziwa nusu akilipa ndani ya siku 14.

Sheria yenyewe haihesabu umri wa gari. Inahesabu moshi. Gari la petroli linatakiwa kufikia kiwango cha Euro 4, ambacho magari mapya yote ya Ulaya yalilazimika kuwa nacho tangu Januari 2006. La dizeli linatakiwa kufikia Euro 6, kiwango kilicholazimishwa Septemba 2015. Kati ya tarehe hizo mbili kuna karibu miaka kumi, na humo ndimo watu walimoumia na wengine walimopona.

Chukua mfano wa Vauxhall Zafira ya toleo la pili, iliyotoka 2005 na ambayo kwengineko Ulaya inaitwa Opel. Ni gari la watu saba, na viti viwili vya nyuma kabisa hulala ndani ya sakafu ya buti pasipo kung'olewa. Ndugu msomaji wa Mombasa aifikirie Noah iliyopunguzwa kimo, yenye milango ya kawaida badala ya ile ya kuteleza. Modeli ya bei nafuu ilikuwa na injini ya petroli ya 1.6, nguvu za farasi 105, baadaye 115, bila turbo. Gari lenyewe ni kama tani moja na nusu kabla hajapanda mtu. Jaza watu saba na mizigo yao, upandishe kilima, na utashusha gia kama dereva wa lori.

Kwa hivyo wenye uwezo hawakuitaka. Muuzaji mwenyewe alikuwa akikwambia uongeze pesa uchukue dizeli ya 1.9: inavuta, inakula mafuta kidogo, na kodi yake ya mwaka ni ndogo. Hakuwa akisema uongo. Tangu Machi 2001 serikali ya Uingereza ilikuwa imeanza kupanga kodi ya barabara ya magari mapya kwa kiasi cha kaboni dioksidi yanayotoa, na dizeli hutoa kidogo kwa sababu huchoma mafuta machache. Watu wakafuata hesabu hiyo. Kufikia 2012, nusu ya magari mapya yaliyouzwa Uingereza yalikuwa ya dizeli.

Kilichoachwa nje ya hesabu ni oksidi za nitrojeni na masizi, vitu ambavyo dizeli za wakati ule zilivitoa kwa wingi na ambavyo huishia vifuani mwa watu. Septemba 2015 Marekani ikafichua kwamba Volkswagen ilikuwa imetia programu ya kudanganya vipimo katika magari yake ya dizeli. Kuanzia hapo hakuna mwanasiasa wa Ulaya aliyetaka kuonekana akiitetea dizeli.

Matokeo yake ni haya. Zafira ya petroli ya 2006, ile iliyodharauliwa, inazunguka London yote bila kudaiwa hata senti. Zafira ya dizeli ya 2013, ndogo kwake kwa miaka saba, inadaiwa kila siku inapotembea. Kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki ni siku 260 kwa mwaka, pauni 3,250, nyingi kuliko bei ya gari lenyewe. Aliyesikiliza ushauri wa serikali analipa, na aliyekosa pesa za kuongeza amesalimika.

Sisemi kwamba ULEZ ni dhulma. Ella Adoo-Kissi-Debrah, mtoto wa miaka tisa aliyekuwa na pumu na aliyeishi karibu na barabara ya mzunguko ya kusini huko Lewisham, alifariki 2013. Desemba 2020 mchunguzi wa vifo aliamua kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake, mara ya kwanza jambo hilo kuandikwa nchini humo. Wanaoishi kando ya barabara zenye msongamano si matajiri. Kwa hivyo masikini huyo huyo anayelalamikia ada ndiye anayepumua moshi, na anayesema ULEZ ingefutwa tu anamsahau.

Lawama yangu ni kwa namna ilivyofanywa. Mpango wa kuwafidia waliotupa magari yasiyokubalika ulitoa hadi pauni 2,000 kwa gari, lakini mwanzoni ni kwa wanaopokea misaada fulani ya serikali tu. Wakazi wengine wa London walifunguliwa mlango Agosti 2023, ule mwezi wenyewe ada ilipofika mitaani mwao. Aliyeishi hatua chache nje ya mpaka, Essex au Surrey, na kazi yake iko ndani, hakustahiki. Tena siasa ilionja hasira hiyo: Julai 2023, katika uchaguzi mdogo wa Uxbridge, Labour ilishindwa kwa kura 495, na wengi waliitaja ULEZ kuwa sababu.

Kioja kingine ni kwamba kodi ya mwaka ya magari yale yale bado inahesabiwa kwa kaboni. Zafira ya petroli hulipa zaidi huko, kisha ikasamehewa na jiji. Dizeli kinyume chake. Gari moja, mizani miwili, na kila mmoja unasema kinyume cha mwenziwe.

Hata hivyo, asije mtu akadhani nampigia debe Zafira. Toleo hili liliwahi kushika moto. Desemba 2015 Vauxhall iliita karibu magari 235,000 Uingereza kwa sababu ya hitilafu katika mfumo wa feni ya hita, na Mei 2016 ikayaita tena. Yaliyohusika ni yasiyo na kiyoyozi au yenye kiyoyozi cha kurekebisha kwa mkono, yaani mengi ya hayo hayo ya bei nafuu. Mwenye jamaa anayetaka kununua huko amwambie aulize kwanza kama kazi hiyo ilifanywa, mkanda wa injini ulibadilishwa lini, na namba ya gari aiingize kwenye tovuti ya TfL kabla pesa hazijatoka mfukoni. Haimgharimu kitu.

Hapa kwetu mizani ni mingine kabisa. Shirika la KEBS haliruhusu gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo Zafira inayoruhusiwa mbele ya bunge la Uingereza haiwezi kushushwa Kilindini. Ushuru nao hutazama ukubwa wa injini: isiyozidi cc 1,500 hutozwa asilimia 20, ikizidi hapo huanzia asilimia 25. Ndiyo sababu mojawapo familia nyingi zinajibana kwenye Sienta na kuiacha Noah. Mwaka 2024 serikali ikataka asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, ikairudisha nyuma mwezi Juni wananchi walipokuja juu. Umri, ukubwa, thamani. Moshi haumo katika hata kimoja, na gari likishaingia nchini, lori linaweza kupanda Changamwe likitapika wingu jeusi na hakuna anayeuliza.

Mapendekezo ya ukaguzi wa magari ya binafsi yamekuwa yakitoka NTSA kwa vipindi. Yatakapoletwa tena kwa maoni ya umma, wabunge wetu wa Pwani waulize mapema ni mizani gani itatumika, itaanza lini, na mwenye Noah ya 2010 anayebeba watoto wa shule atapewa muda gani na msaada gani kabla hajaanza kutozwa.