Nakala ya Akiba Ipimwe kwa Siku ya Kurejesha

Tarehe 26 Septemba, 2025, moto ulizuka katika kituo cha kutunzia taarifa za Serikali mjini Daejeon, Korea ya Kusini. Miongoni mwa vilivyoteketea ulikuwamo mtambo ambamo watumishi wa Serikali walikuwa wakiweka nyaraka zao za kazi. Terabaiti 858 zilipotea, wala hapakuwa na nakala yake mahali pengine popote. Sababu iliyotolewa ni kwamba nyaraka zile zilikuwa nyingi mno kuweza kuwekewa nakala.

Korea ya Kusini si nchi changa katika mambo ya kompyuta, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba yaliyoifika yametokana na ujinga au ufukara. Yametokana na kuamini kwamba kitu kikishawekwa mahali pakubwa na pa heshima, basi kimehifadhika. Imani hiyo ipo pia hapa Visiwani, nasi tunaona ni wajibu wetu kuitolea tahadhari kabla hatujafikwa.

Katika kompyuta za wananchi wa Unguja na Pemba leo mna mambo mazito. Mwalimu ameweka humo matokeo ya wanafunzi wake, katibu wa ushirika ameweka hesabu za wanachama, na mtumishi wa Serikali ameweka barua, ripoti na ramani za viwanja. Joto, hewa ya chumvi, na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo ni maadui wa mashine hizo. Ndiyo maana ni jambo la kupongezwa kwamba wako wanaokodi huduma za kuweka nakala za akiba kwa njia ya intaneti. Lakini si haki mtu kuchagua huduma hiyo kwa kutazama bei na ukubwa wa nafasi tu. Swali la kwanza liwe hili: siku kompyuta itakapokufa, faili zitarudi kwa njia gani, na baada ya muda gani?

Kwanza, yafaa itambulike kwamba huduma hizi ni za aina mbili. Google Drive, OneDrive na Dropbox kazi yake kubwa ni kulinganisha faili zilizomo katika kompyuta na zile zilizoko mtandaoni. Ukifuta huku, na kule hufutika. Virusi vikiharibu huku, na kule uharibifu hufika. Ni kweli kwamba kilichofutwa katika Google Drive hukaa katika pipa la taka kwa siku 30, lakini baada ya hapo hakipo tena. Aina ya pili, kama vile Backblaze na IDrive, imeundwa mahsusi kwa kuchukua nakala na kuweka matoleo ya zamani kwa muda uliokubaliwa. Mteja hana budi kuuliza muda huo kabla ya kulipa, kwa sababu hasara nyingi hugunduliwa baada ya miezi, wala si baada ya siku mbili.

Pili, aulize nakala inakaa wapi. Tarehe 10 Machi, 2021, jengo la kompyuta la kampuni ya OVHcloud liliungua mjini Strasbourg, Ufaransa. Baadhi ya wateja waliokuwa wamelipia nakala za akiba walikuta kwamba nakala hizo zilikuwa pale pale penye asili yake, na vyote viwili vimekwenda na moto. Akiba iliyolala chumba kimoja na mali si akiba.

Tatu, huduma nayo ina umri wake. Mwezi wa Agosti, 2017, kampuni ya Code42 ya Marekani ilitangaza kuufunga mpango wake wa CrashPlan wa majumbani, na Oktoba 2018 ukafungwa. Google nayo, tangu Desemba 2023, imejipa ruhusa ya kufuta akaunti za watu binafsi zisizotumika kwa miaka miwili. Aliyekodi huduma kisha akaisahau asishangae huduma nayo ikimsahau.

Nne, na hili latuhusu sisi watu wa visiwani zaidi ya wengine, ni njia yenyewe. Hatujasahau kwamba umeme wa Unguja ulitegemea waya mmoja wa chini ya bahari kutoka Bara, na ulipoharibika Desemba 2009 tulikaa gizani kwa muda wa miezi mitatu hivi. Mwezi wa Mei, 2024, ilikuwa zamu ya intaneti: nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na Afrika Mashariki nzima ikataabika. Hata siku za salama, hesabu ni nzito. Gigabaiti 100, zikipelekwa kwa mwendo wa megabiti 2 kwa sekunde, huchukua zaidi ya siku nne na nusu, usiku na mchana bila ya kusita. Kuzirejesha kwa mwendo huo kutachukua muda ule ule, na anayenunua intaneti kwa vifurushi atalipia kwenda na kurudi.

Kwa sababu hizo zote, huduma ya mtandaoni peke yake haitoshi, na diski ya mezani peke yake haitoshi. Wataalamu hushauri pawe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake iwe mbali. Kwa hali yetu, diski ya nje iliyowekwa nyumbani au ofisini ndiyo itakayotuokoa siku waya utakapokatika; na nakala iliyoko ng'ambo ndiyo itakayotuokoa siku nyumba itakapoungua au mwizi atakapoingia.

Kwa watumishi wa Serikali tuna neno la ziada. Nyaraka za umma si mali ya mtu. Mtumishi anayeziweka katika akaunti yake mwenyewe, kwa neno la siri analolijua yeye tu, huondoka nazo siku ya uhamisho, na siku ya mauti yake huzikwa nazo. Ziko huduma ambazo ufunguo wake ukipotea hata kampuni yenyewe haiwezi kufungua. Aidha, taarifa za wananchi haziwezi kupelekwa nchi za nje kiholela, kwani tangu mwaka 2022 Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ni juu ya wakubwa wa ofisi, si juu ya makarani, kuamua huduma gani itumike na ufunguo utunzwe na nani.

Tunapendekeza basi kila ofisi, na kila mwenye kompyuta, achague siku moja katika kila miezi mitatu, achukue faili moja ya zamani na kuirejesha kutoka katika akiba kana kwamba asili yake imepotea. Ikirudi nzima, huduma hiyo inastahili fedha inazolipwa. Isiporudi, afadhali kulijua hilo leo, wakati asili bado iko mkononi.