Nguo ya gome yawaumbua wanaowadharau Bambuti

Hadi leo wako watu Ituri wanaosema Bambuti hawana utamaduni, eti ni watu wa pori tu. Wanaosema hivyo hawajatazama nguo ya gome.

Wanaume hugonga gome la mti kwa nyundo mpaka lilainike. Kisha wanawake huchora kwa maji ya tunda la gadenia yaliyochanganywa na makaa: mistari, nukta, majani, nyayo za wanyama. Mama humfundisha binti. Huo ndio urithi wao.

Nguo hizo zinatunzwa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Lakini mara nyingi jina la mama aliyechora halipo. Imeandikwa "Mbuti" basi. Kazi inaheshimiwa, mwenye kazi anasahauliwa. Huo ni unyang'anyi.

Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za wapigme nchini Kongo. Ikibaki karatasi, haina faida. Wanunuzi waandike jina la mchoraji na wamlipe bei ya haki. Walimu waonyeshe sanaa hiyo darasani. Na Bambuti waliokimbia vita wapewe usalama wa kurudi msituni: bila mti hakuna gome, na bila gome binti atachora wapi?