Wengi Wape, na Sauti ya Mmoja?

Katika kazi zote za msanifu hakuna inayochosha kama kusoma maoni ya watu juu ya kazi yake. Kuchora kuna raha yake, na kujenga kuna fahari yake; lakini kupitia maneno ya watu mia tatu, huyu akisifu, yule akilaumu, na mwingine akinena jambo lisilohusu, ni kazi isiyo na raha wala fahari. Si ajabu basi kwamba tangu mwisho wa mwaka 2022, programu za akili mnemba zilipoenea mikononi mwa watu wa kila namna, wasanifu wengi wameutua mzigo huo na kuutwika mashine. Maoni humiminwa upande mmoja kama nafaka, na upande wa pili hutoka unga: aya tatu, vichwa vitano, na hukumu kwamba walio wengi wameridhika.

Watetezi wa desturi hii wana hoja, na haki ni kuisikia. Husema kwamba mashine haichoki, wala haina kinyongo. Husoma ukurasa wa mwisho kwa bidii ile ile ya ukurasa wa kwanza. Binadamu aghalabu huokota sifa na kuziruka lawama, na jioni ikifika macho yake hupita juu ya maneno bila ya kuyaona. Yote hayo ni kweli. Lakini kutochoka si kusikia. Mlango nao hauchoki kufunguliwa, wala haujui ni nani aliyeingia.

Asili ya kazi hii yafaa kukumbukwa. Mwaka 1958 Hans Peter Luhn, mtaalamu wa kampuni ya IBM nchini Marekani, alichapisha njia ya kuifanya mashine ifupishe makala. Mashine yake iliyaacha maneno ya kawaida, ikahesabu yale mengine yaliyorudiwa mara nyingi, ikachagua sentensi ambamo maneno hayo yamekusanyika, na sentensi hizo ndizo zilizokuwa muhtasari. Mashine za leo zimeipita ile mbali sana kwa ufundi, nazo hutunga sentensi zao zenyewe. Hata hivyo mwelekeo haujaondoka: linalorudiwa hupanda juu, na lililosemwa mara moja huelekea kuzama. Katika makala ya mtu mmoja mwelekeo huo una nafuu, maana mwandishi hurudia lile analolitilia mkazo. Katika maoni juu ya usanifu ni hatari, kwa kuwa wasemaji ni wengi, na lile lililo zito huenda limeonwa na jicho moja tu.

Methali husema, wengi wape. Ni methali ya haki katika kugawa chakula na katika kuchagua viongozi. Lakini nguzo haisimami kwa kura, wala upepo hauulizi ni wangapi waliolisifu jengo. Mjini New York mwaka 1977 lilikamilika jengo la Citicorp, lenye ghorofa 59, lililokaa juu ya nguzo kubwa zilizowekwa katikati ya pande zake badala ya kwenye pembe. Mwaka uliofuata mhandisi wake, William LeMessurier, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, aliulizwa na mwanafunzi juu ya nguzo hizo. Swali lile lilimrudisha katika hesabu zake. Akahukumu kwamba upepo wenye kupiga jengo kwa pembeni ulikuwa na nguvu kuliko ilivyodhaniwa, na kwamba viungo vya chuma, vilivyofungwa kwa bolti badala ya kuchomelewa, havikutosha kuuhimili. Mafundi wakaitwa, wakachomelea viungo hivyo usiku baada ya usiku, na umma haukujua kisa chenyewe mpaka mwaka 1995. Lilikuwa swali la mwanafunzi, mtu asiye na cheo. Katika muhtasari wa maoni mia tatu, swali hilo lingepewa mstari gani?

Kisa cha pili hakikuwa na mwisho mwema. Januari 2003 chombo cha angani Columbia kiliporuka, kipande cha povu gumu kiling'oka katika tangi la nje kikapiga bawa la kushoto. Wahandisi walilichunguza jambo hilo, na uchunguzi wao ukafupishwa katika kurasa za kuonyeshwa mbele ya wakuu. Katika ukurasa mmoja, habari kwamba kipande hicho kilikuwa kikubwa mara mamia kuliko vile vilivyopata kujaribiwa iliwekwa chini kabisa, na kichwa cha ukurasa kikawa na maneno ya kutuliza moyo. Tarehe 1 Februari chombo kilivunjika kikirudi duniani, na watu 7 waliokuwamo wakafa. Tume ya uchunguzi iliutaja ukurasa huo mwaka ule ule, ikasema kwamba mkuu angeweza kuusoma asitambue kuwa unahusu hatari ya roho za watu. Muhtasari ule uliandikwa na watu, si na mashine, na funzo limo humo. Ikiwa wenye elimu ya jambo waliweza kulizika kwa kulifupisha, yatarajiwe nini kwa chombo ambacho hakijui povu wala bawa, na ambacho hakina cha kujibu siku ya kuulizwa?

Kwa wasemaji wa Kiswahili hatari huzidi. Lugha hii ina adabu yake ya kukataa. Mzee akionyeshwa ramani ya zahanati ya kijiji chake, akasema, "Si haba, wanangu, mmejitahidi," aliyelelewa katika lugha hufahamu kwamba ramani haikumpendeza, naye hukaa kitako aulize kilichopungua. Mashine, iliyofunzwa zaidi kwa maandishi ya Kiingereza, huweza kuandika kwamba mzee ameridhika. Na zahanati ikajengwa na kasoro zake.

Hakuna haja ya kuvunja mashine. Haja iliyopo ni kuiweka mahali pake. Msanifu na asome kwanza kwa macho yake, kisha mashine imsaidie kupanga. Kila sentensi ya muhtasari ionyeshe maneno ya nani yameizaa. Sauti za pekee zipewe ukurasa wao. Na mwisho mtu mwenye jina atie sahihi kwamba amesoma. Vyuo navyo vilinde jambo hili, maana mwanafunzi asiyezoea kuvumilia lawama ukurasa baada ya ukurasa atahitimu akijua kuchora, bila ya kumjua anayemchorea.

Mtu anayetoa maoni yake ametoa wakati wake na ujuzi wa mahali anapoishi. Malipo yake ni kusikilizwa. Anayepokea maoni hayo akayakabidhi yote kwa mashine amekusanya maneno, lakini hajamsikiliza mtu.