Go-Pass tunalipa, njia ya kufika muji iko wapi?

Vijana wenzetu, vakansi imefika. Wengi wanatoka Bunia, Kisangani ao Lubumbashi kwenda kuona familia Kinshasa. Toka uwanja wa N'djili mpaka Gombe ni karibu kilometa 25 tu, lakini barabara kubwa ni moja, Boulevard Lumumba. Jioni, ambuteyaji ya Masina inaweza kukula saa nyingi kuliko ndege yenyewe.

Ambuteyaji si njo inatukasirisha zaidi. Ni bei. Mwenye hajue Lingala, akifungua tu mudomo, anaitishwa mara mbili. Mubeba mizigo anataka yake, wa parking yake, na risiti hakuna.

Tangu 2009 kila musafiri analipa Go-Pass. Ilianza na dola 10 kwa safari ya ndani na 50 kwa ya inje, eti ya kutengeneza viwanja. Sasa uwanja unaishia ku mulango?

Hatupigane na mashofa, nao wananunua esansi na wanasumbuliwa njiani. Serkali ibandike bei pale pa kutokea, kwa franga, kwa luga zetu zote ine. Basi za Transco zilinunuliwa na makuta ya raia: zipite pale kwa saa zenye kujulikana, hata usiku.

Kwa sasa, patana bei mbele mizigo iingie mu kofre. Usipige picha uwanjani (polisi wetu munawajua). Ukifika nyumbani, utuandikie ulilipa ngapi, siku gani, saa ngapi. Hesabu hiyo tutaipeleka kwa wahusika.