Viambatisho vya Barua Pepe: Onyo Moja Linalosomwa Ni Bora Kuliko Kumi Yanayopuuzwa

TABORA: Mwaka 1871, mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipofika Unyanyembe, ulipo mji wa Tabora wa leo, aliukuta mfuko wa barua za David Livingstone ukiwa umekwama huko. Mfuko huo ulikuwa umeandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Ulimfikia mwenyewe huko Ujiji, kwa mkono wa Stanley, baada ya takriban mwaka mzima. Katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ziwa Tanganyika, kila mzigo ulikuwa na mchukuzi wake, na watemi walidai hongo, yaani ushuru wa njia, kabla ya msafara kuruhusiwa kupita. Barua zilichelewa, lakini kila kituo kiliona kinachopita.

Leo waraka unaotoka Dodoma hufika katika halmashauri nane za Mkoa wa Tabora, kuanzia Igunga hadi Kaliua, ndani ya sekunde chache. Kasi hiyo imerahisisha huduma kwa wananchi, lakini imepunguza vituo vya ukaguzi. Baada ya vichujio vya seva, kituo cha mwisho ni dirisha dogo la onyo linalojitokeza kwenye kompyuta pale mtumishi anapotaka kufungua kiambatisho. Nyuma ya dirisha hilo kuna orodha za mishahara, kumbukumbu za viwanja na taarifa za wagonjwa. Namna linavyopangwa, kwa hiyo, inamgusa pia mwananchi ambaye hajawahi kuishika kompyuta hiyo.

Hatari yenyewe si ngeni. Mwezi Mei 2000, barua pepe yenye kichwa cha habari ILOVEYOU ilienea duniani kutokea Ufilipino na kuambukiza mamilioni ya kompyuta. Kiambatisho chake kilionekana kuwa maandishi ya kawaida, kumbe kilikuwa programu. Ilifanikiwa kwa sababu mfumo wa Windows, kwa mpangilio wake wa kawaida, huficha herufi za mwisho za jina la faili, zile zinazoonyesha aina yake. Hadi leo, faili liitwalo "Malipo.pdf.exe" linaweza kuonekana kwa mtumishi kama "Malipo.pdf" tu.

Baadaye wahalifu walihamia kwenye makro, yaani amri zilizofichwa ndani ya nyaraka za Word na Excel. Kwa miaka mingi programu hizo zilitoa onyo lenye kitufe cha kuruhusu, na watumiaji wengi walikibonyeza bila kusoma. Mwaka 2022 kampuni ya Microsoft ilianza kuzizuia moja kwa moja makro za nyaraka zinazotoka kwenye intaneti. Hapo wahalifu wakageukia mafaili yaliyofungashwa, kama yale ya zip, ambayo programu nyingi za barua pepe haziyazuii.

Historia hiyo ina funzo. Onyo linalojitokeza kwa kila kiambatisho hugeuka kero, na kero huzoeleka. Mlinzi anayepiga filimbi kila apitapo mbuzi hatasikilizwa siku atakapopita mwizi. Mhasibu anayefungua nyaraka nyingi kwa siku hawezi kutafakari kila mara; atabonyeza "ndiyo" ili kazi iende. Kumlaumu baada ya madhara kutokea ni kulaumu mpangilio uliomwachia uamuzi usiokuwa wake.

Mpangilio unaofaa, basi, ni ule unaopunguza maswali. Kwanza, kompyuta zote za ofisi zionyeshe majina kamili ya mafaili. Pili, mafaili ya programu yazuiwe kabisa, wala mtumishi asiulizwe. Outlook ya mezani hufanya hivyo kwa aina kadhaa, kama vile exe, bat na vbs, na kinga hiyo haipaswi kulegezwa. Tatu, makro za nyaraka zinazotoka nje zizuiwe. Nne, nyaraka hizo zifunguke kwa kusomwa tu, na kitufe cha kuruhusu kuhariri kisibonyezwe kabla mtumaji hajathibitishwa. Baada ya hatua hizo, onyo libaki kwa machache yenye mashaka ya kweli, hasa mafaili yaliyofungashwa na yale yenye nywila.

Mipangilio hiyo iwekwe na Ofisa TEHAMA kwa kompyuta zote kwa pamoja, si kuachiwa kila mtumishi na ujuzi wake.

Ipo hoja ya upande wa pili, nayo ina uzito. Halmashauri huwasiliana na watu walio nje ya Serikali. Chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku Urambo kinaweza kutuma orodha ya wanachama kwa anwani binafsi, na mkandarasi akatuma michoro iliyofungashwa kwa zip. Kuzuia kila kitu kutoka nje ni kumfungia mlango mwananchi. Ndiyo maana mafaili ya aina hiyo yanahitaji onyo, si zuio, na mtumishi anahitaji muda wa kumpigia mtumaji kwa namba anayoifahamu tayari, si ile iliyoandikwa ndani ya barua hiyo.

Misingi ya kisheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamshughulikia mhalifu. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliipa Mamlaka ya Serikali Mtandao jukumu la kusimamia matumizi ya TEHAMA katika taasisi za umma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaitaka taasisi inayokusanya taarifa za watu izilinde. Kwa sheria hii ya tatu, kompyuta iliyoachwa bila mpangilio salama ni upungufu wa taasisi, si bahati mbaya ya mtumishi.

Wananchi nao wana uzoefu unaofanana na huu. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umewafundisha wengi kusita, kuuliza na kutoa taarifa kwa namba 15040. Barua pepe inayodai kutoka serikalini istahili tahadhari hiyohiyo: anwani rasmi huishia na go.tz, na hata hiyo ikileta kiambatisho kisichotarajiwa, ni busara kuuliza kwanza.

Linabaki suala la kosa likishatokea. Mtumishi aliyefungua kiambatisho chenye mashaka anapaswa kuiondoa kompyuta kwenye mtandao, asifute chochote, na kumwarifu Ofisa TEHAMA papo hapo. Hatafanya hivyo iwapo anajua kwamba jibu la kwanza litakuwa barua ya kujieleza. Ofisi inayopokea taarifa ya mapema bila kumtisha mtoa taarifa hupata nafasi ya kuzuia madhara kabla hayajafika kwenye kompyuta ya pili.