Mhusika Mkuu Si Orodha ya Sifa
Twasikitika kuona wanafunzi wetu wakikaririshwa sifa za mhusika mkuu kana kwamba wanahesabu bidhaa dukani: shujaa, jasiri, mzalendo. Hebu tumtazame Kinjeketile katika tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969. Yeye mwenyewe aliyatilia shaka maji aliyowapa watu. Hata hivyo, alipokuwa mikononi mwa Wajerumani alikataa kuyakana, asije akavunja moyo wa vizazi vijavyo. Je, huyo ni shujaa au mwongo? Neno moja halimtoshi. Walimu wenzetu, tuache kutoa alama kwa orodha! Tumwulize mwanafunzi: mhusika alichagua nini, kwa nini, na nani alibeba gharama yake? Asiyeweza kujibu hakusoma tamthilia. Alisoma daftari la mwalimu.